Mwaka Niliokaa Chini ya Piano

Verna amefariki. Habari nilipewa na Ilunga, aliyempigia besi miaka yote, na simu yake ilinikuta Markham, kaskazini ya Toronto, jikoni kwa mpwa wangu, nikimenya viazi. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini nilimtambua kabla hajajitaja, kwa kuwa hakuna mtu mwingine Kanada nzima aliyewahi kuniita "Dada Saumu" kwa kile Kiswahili cha Lubumbashi, cha polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Dada Saumu, Verna ametuacha," akasema. "Mazishi ni siku ya posho, saa tano, ku kanisa yake. Utakuja, ao utakimbia tena?" Siku ya posho kwao ni Jumamosi. Akakata bila kungoja jibu. Nilibaki na kisu mkononi. Mtoto mdogo wa mpwa wangu akaniuliza kwa Kiingereza kama nimejikata, nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hapana, naye akarudi kwenye televisheni yake. Kuna jambo moja nilipaswa kumwambia Verna, jambo la dakika moja, na nimetembea nalo Calgary, Vancouver na viwanda vya samaki vya kaskazini, kisha nikarudi nalo Ontario bila kulisema: kwamba tari la mjomba wake nililipasua mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Shule niliiacha kidato cha pili, na wakati huo nilikwisha kuishi Mombasa, Muskati na Leicester, kila mahali miezi michache, kila mahali nikiondoka kabla majirani hawajazoea jina langu. Watu walikuwa wakiniuliza ninatafuta nini, nami nikawajibu tu kwamba nilitaka kuona. Toronto nilifika mwishoni mwa majira ya baridi, nikapata kazi ya kusafisha ofisi kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana, na kwenye dirisha la kinyozi mmoja Barabara ya Eglinton nikaona tangazo la mkono: chumba cha chini, mwanamke mmoja, asiyechukia kelele. Aliyenifungulia mlango alikuwa Verna, mama wa makamo, mnene, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Alinitazama viatu kwanza.

"Unapiga ala yoyote?"

"Hapana."

"Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Unakula pilipili?"

"Sana."

"Ingia, msichana, unaingiza baridi ndani."

Chumba changu kilikuwa na dari iliyo chini kiasi kwamba nikinyoosha mkono naigusa. Dirisha lilikuwa usawa wa ardhi, na kwa miezi mingi lilinionyesha theluji tu, au miguu ya mbwa wa jirani. Nyuma ya ukuta kulikuwa na tanuri la kupashia nyumba, likiamka na kunguruma kila baada ya muda, na hewa yake ilikuwa kavu mpaka midomo ikanipasuka na blanketi likawa linatoa cheche nikilikunja. Juu ya kitanda changu, juu kabisa, kulikuwa na piano. Sijawahi kuishi karibu na kitu kama nilivyoishi karibu na piano ile. Nilijua Verna ameamka vipi kwa namna alivyokanyaga pedali. Nilijua akiwa na hasira, kwa sababu alipiga taratibu. Angeweza kurudia kipande kimoja kidogo mara arobaini, kila mara akibadilisha kitu ambacho mwanzoni sikukisikia, na baada ya miezi miwili nikaanza kukisikia, nikawa napanda ngazi na kumuuliza: kwa nini ile ya sasa inauma na ile ya kwanza haikuuma? Hakuwahi kuniambia kwamba sitaelewa. Alinikalisha kando yake na kunionyesha vidole. Walimu wangu wote wa shule, Mungu awarehemu, hawakunipa nusu ya subira ile.

Muziki wake ulikuwa jazi, lakini jazi iliyobeba mzigo. Verna alitoka Tobago, kisiwa kidogo kilichoegemea Trinidad. Watu wakisikia Trinidad hufikiri kalipso na ngoma za mapipa ya chuma, na Verna alizipenda hizo, lakini kijijini kwao walikuwa na kitu cha zamani zaidi: fidla moja, chuma kilichokunjwa pembe tatu, na matari matatu. Nyimbo za harusi, nyimbo za mavuno, nyimbo za kuita waliokufa. Alizichukua hizo, akazikalisha kwenye piano, akazipa sauti za jazi chini yake, na kuacha wapigaji wazungumze kwa zamu katikati. Alikuwa na sheria moja ambayo nimeikuta kwake tu. Kabla mtu hajagusa ala, lazima aimbe wimbo wote jikoni, akiwa na kazi mikononi. "Kama huwezi kuuimba huku unakata kitunguu," alisema, "wimbo huo bado si wako, umeuazima tu." Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa jikoni kulijaa watu wazima wanaoimba na kulia machozi ya vitunguu: Ilunga, mrefu, na shati alilopiga pasi mwenyewe, ndugu wawili wa Tobago, madereva wa mabasi ya jiji, ambao ndio waliopiga matari, na mimi niliyekuwa pale kwa sababu ya chakula. Walipika ugali wenye bamia ndani, wakaulaza kwenye bakuli lililopakwa siagi, na pembeni yake mchuzi wa majani na kaa wa bizari. Ilunga alikuwa akilalamika kwamba ugali una mambo mengi, na kwamba bamia ingebaki kwenye sahani yake yenyewe kama mtu mwenye heshima. Halafu anaongeza.

Jumapili ya kwanza niliyokaa nao, dereva mmoja alitoa tari kwenye mfuko. Nikaacha kijiko.

"Hili ni tari!" nikasema.

"Weye," Ilunga akanijibu, "kila kintu unaona, unasema ni ya kwenu. Sasa hivi umesema bamia ni ya kwenu."

"Bamia ni ya kwetu. Na hili ni tari. Tanga tunalipiga kwenye maulidi. Ngozi ya mbuzi, na kabla ya kupiga tunalipasha moto."

Verna alikuwa amesimama mbele ya jiko. Aligeuka na mwiko mkononi. "Rudia hapo mwisho."

"Tunalipasha moto. Bila moto haliimbi."

Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga Tobago. Tulisikia upande wake tu. "Anko Josaya? Ni Verna. Ndiyo, nimekula. Sikiliza, nina msichana wa Afrika hapa jikoni kwangu, anasema kwao wanapasha tambrini kama sisi." Akaniangalia. "Anauliza mnatumia kuni gani."

"Makumbi ya nazi," nikasema. "Au makuti, kama una haraka."

Alirudia jibu langu kwenye simu. Akasikiliza, kisha akaweka mkono kifuani. Miaka sita alikuwa akimwomba mzee yule aje Toronto kurekodi naye, na miaka sita mzee alikuwa akisema ana mbuzi wa kulisha. "Amesema anakuja," Verna akatuambia. Kisha akachukua mwiko tena na kugundua kwamba mchuzi umeshika chini.

Anko Josaya alifika Oktoba, na miaka yake sabini na sita na kofia ambayo hakuivua ndani ya nyumba. Fidla yake aliikabidhi kwa watu wa ndege, lakini tari alilipakata njia nzima, ndani ya foronya. Lilikuwa dogo kuliko mengine mawili, ngozi yake imeingia rangi ya chai. Waliyaita matari kwa kazi zake: moja la kuvuma, moja la kuviringika, na hili, Mkataji, ambalo ndilo linalozungumza. Aliliweka juu ya meza, akaniita kwa kidole. "Wewe ndiye wa makumbi ya nazi?" Nikasema ndimi. "Piga." Nikapiga kama nilivyoona wakipiga nyumbani, kwa kidole gumba na ncha za vidole. Akacheka, meno machache. "Unapiga kama mtu anayefukuza inzi. Lakini mkono unao." Kesho yake alinipa kile chuma cha pembe tatu na kusema nitakuwa nakipiga mimi, na tangu hapo nikawa kwenye bendi, mimi niliyejibu mlangoni kwamba sipigi ala yoyote.

Majira yale ya kupukutika majani yalikuwa ya mvua, na matari yalilegea. Jioni mapema, kabla ya mazoezi, mimi na Anko tulifungua mlango wa oveni, tukaweka viti viwili mbele yake, na kuyapasha moja moja, tukiyageuza kama watu wanaochoma mikate. Hapo ndipo nilipomuuliza kila kitu. Mbuzi jike au dume? Jike, aliyezaa, ngozi yake ina subira. Unajuaje kwamba limetosha? Unaligonga, unasikiliza, na kama una shaka, halijatosha. Naye aliniuliza: wanawake kwenu wanapiga? Wanaocheza wanavaa nini? Mtu akishikwa na mzuka mnamwacha au mnamzuia? Mambo mengine niliyajua, mengine nilimdanganya kidogo, na akijua namdanganya alisema, "Hee," na kungoja mpaka niseme kweli. Januari ilipoingia, baridi kali ilikausha hewa yote ya nyumba ile. Verna aliweka sufuria la maji chini ya piano, ili mbao zisikauke na kupoteza sauti, na kila mchana nikitoka kazini aliniambia nilijaze. Matari yalikuwa yamejikaza yenyewe, hayakuhitaji moto wowote. Tuliendelea kukaa mbele ya oveni, kwa muda mfupi zaidi, kwa sababu ndivyo tulivyozoea na kwa sababu tulipenda kukaa. Leo ninapofikiri juu ya sufuria lile nashangaa. Tulikuwa watu sita kwenye bendi, wote tunalipita kila mazoezi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama hewa inayoua piano itaihurumia ngozi ya mbuzi.

Mzee na Verna waligombana kila siku, na ugomvi wao ulikuwa chakula changu. Nilikuwa nikikaa kwenye ngazi za chini, mlango wazi kidogo, nikiwasikia.

"Umeuvalisha wimbo makoti mengi," Anko alisema.

"Huku kuna baridi, Anko. Wimbo ukija Toronto lazima uvae koti."

"Moja, sawa. Wewe umeuvalisha manne na kofia. Mama yake akiuona njiani hatautambua."

Kisha piano, halafu fidla juu yake, halafu kimya. "Hapo," Anko alisema. "Hapo umevua moja. Hapo nauona."

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao mwaka mzima ulikuwa ukielekea kwake. Kijijini kwao, kabla ya harusi, au mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, walipiga wimbo wa kuwaita wazee wa nyumba waliokufa, waje wakae na watu. Anko ndiye aliyebaki akiujua wote, pamoja na kipande cha katikati ambacho fidla inaita na Mkataji anajibu. Hakuna aliyewahi kuurekodi. Alikuwa amekataa maishani mwake mwote, na sasa alikubali, kwa sababu vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kukakamaa. "Mara moja," alimwambia Verna mezani, sote tukisikia. "Siku moja, mara moja. Hawa si watu wa kuwaita na kuwarudisha kama teksi." Verna alijenga kila kitu kuuzunguka wimbo huo. Aliuondolea makoti yote isipokuwa moja. Akapanga studio Ijumaa moja ya Februari, saa tano asubuhi, na Jumapili yake Anko alikuwa arudi kwa mbuzi wake.

Ijumaa hiyo waliondoka saa tatu, Verna na Anko ndani ya gari la Ilunga pamoja na lile besi kubwa, wamebanana kama ndizi kwenye chana. Mimi, niliyekuwa nimeomba ruhusa kazini siku hiyo, niliachiwa kuleta matari na chakula kwa teksi. Nilifunga sahani, nikavaa, na bado nilikuwa na nusu saa. Nikatazama ile foronya juu ya kiti. Nikafikiri: tari halijaota moto. Leo, siku kubwa kuliko zote, litaingia studio bila kupashwa, kama mtu anayekwenda harusini bila kunawa uso. Nikawasha oveni. Sikuligonga kwanza. Kila fundi wa matari hugonga kwanza, na Anko alikuwa amenifundisha hivyo mara ishirini, lakini nilikuwa na haraka na nilikuwa na furaha. Nililishika mbele ya joto, nikaligeuza mara mbili, na mara ya tatu likatoa mlio mdogo mkavu, kama mtu aliyegonga mlango mara moja na kuondoka. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye ukingo na kuingia ndani, urefu wa kidole. Nililitazama muda mrefu. Kisha nikalirudisha kwenye foronya, nikazima oveni, nikapanda teksi na kulipakata magotini, na njia nzima nikawa napanga maneno.

Dereva wa mabasi, yule mkubwa, ndiye aliyefungua foronya, akasema jina la Yesu. Wote wakasogea. Anko Josaya alivua kofia, mara ya kwanza kumwona bila kofia, akapitisha kidole gumba juu ya ufa, polepole, akarudi, akapitisha tena. Hakumtazama mtu. "Ni baridi," akasema. "Baridi ya huku imeliua." Na mimi, niliyekuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikiwa na sahani za chakula mikononi, nikaiacha baridi ibebe.

"Tutumie lile la kuviringika," dereva mdogo akasema. "Tulikaze."

"Mkataji ndiye anayezungumza nao. Haya mawili yanashikilia mlango tu."

"Anko," Verna akasema. "Nakuomba. Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako nimepanda ndege. Hili si kwa ajili yako."

Walirekodi nyimbo nyingine tatu, mbili za harusi na moja ya mavuno, na zilikuwa nzuri. Mimi nilipiga chuma changu, na kwenye ile ya mavuno, ukisikiliza sana, kuna mahali nimechelewa. Alasiri, tuliporudi nyumbani, Verna alisimama mbele ya sinki akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. "Mwaka mzima, Saumu," akasema, mgongo kwangu. "Mwaka mzima najenga nyumba ili mtu mmoja aingie." Nikafungua mdomo. Nilisema, "Pole." Kwetu neno hilo hutamkwa hata na asiye na kosa lolote, nami nikajificha humo. Jumapili Anko aliondoka. Alinishika mikono yote miwili mlangoni, akataka kusema kitu, akasema, "Hee," akaingia garini. Aprili, theluji ilipoyeyuka na dirisha langu likaanza kuonyesha nyasi, nilimwambia Verna kwamba nimepata kazi ya kupanda miti huko magharibi. Aliuliza kama chumba kina kasoro. Nikasema hapana, nimechoka na jiji tu. Alinifungia chakula cha siku mbili.

Miaka michache baadaye nilikuwa nakunja mashuka kwenye hoteli ya barabarani huko Alberta, redio ikiwa juu ya mashine, nikasikia mkono wa Verna. Mkono wa mtu uliyeishi chini yake huwezi kuukosea. Ulikuwa ule wimbo. Alikuwa ameuvua koti hata lile moja lililobaki. Ilipofika sehemu ya katikati, piano ikanyamaza, na besi ya Ilunga ikatembea peke yake, muda mrefu mno kwa redio, juu yake pakiwa patupu. Kisha piano ikarudi. Mtangazaji akasema kwamba pengo lile liliachwa kwa ajili ya mpiga fidla aliyefariki kwao Tobago kabla ya kuurekodi. Nilikaa juu ya rundo la mashuka machafu. Niliusikia wimbo ule kama barua iliyoandikwa kwangu, na ndani yake nikasoma: nani alifanya hivi? Nambari ya simu ya Verna nilikuwa nayo kichwani. Ninayo hata leo.

Mazishi yalikuwa mazuri, kanisa limejaa mpaka ngazi. Baadaye tulishuka ukumbi wa chini, wali wa kunde na kuku, makaroni ya kuoka, kinywaji chekundu cha rozela kama kile alichotengeneza kila Desemba. Ilunga alikuwa ameketi pembeni, fimbo katikati ya magoti, vidole vyake vimejikunja kama mizizi ya tangawizi. Tuliangaliana. Tulikuwa tumezeeka na hakuna aliyelitaja. Nilikaa, na kwa kuwa nilijua nikingoja nitaondoka, nikasema kabla hata ya kumsalimu vizuri.

"Ilunga, lile tari nililipasua mimi."

"Tari gani?"

"La Anko. Asubuhi ya studio. Nililipasha kwenye oveni, likapasuka mikononi mwangu. Sikumwambia mtu."

Aliweka uma chini. "Hapana," akasema. "Ile tari, Anko ndiye aliiharibu."

"Nilikuwepo, Ilunga."

"Na miye nilikuwepo mu motokari, siku ya kumupeleka ku ndege. Miye ndiye nilikuwa naendesha. Mzee alilia kama mutoto. Alisema ile usiku hakupata usingizi. Akaamuka saa kumi na moja, akawasha oveni, akapasha ile tari mupaka ikalia juu sana, akairudisha mu foronya. Alisema, 'Mimi mzee wa matari, miaka sitini, nimeua tari langu kwa mazoea ya nyumbani, halafu nikasingizia baridi.' Verna alicheka! Alicheka sana, na miye nikapita njia ya kutokea bila kuiona, tukazunguka, kidogo ndege imuache."

Nilihesabu saa kichwani, kama mjinga. Saa kumi na moja yeye. Saa tatu na nusu mimi. Tulikuwa tumelipasha wote wawili, kila mtu peke yake jikoni, kila mtu akitaka siku iwe nzuri. Na kule studio hakumtazama mtu kwa sababu ileile iliyonifanya mimi nitazame sahani.

"Verna hakuniambia," nikasema. "Miezi miwili nilikaa naye baada ya hapo."

"Anko alimukataza. Alisema, 'Mwambie unayetaka, lakini si yule binti wa makumbi ya nazi. Ataniona si fundi.'" Ilunga alifuta mdomo kwa karatasi. "Bon. Ulipoenda, kile chumba Verna hakukipangisha mwaka muzima. Watu walikuwa wanakuja kuuliza, anasema kiko na mwenyewe. Aliniuliza miye mara mingi: 'Ilunga, tulimufanya nini huyu?' Sikujua jibu. Na weye, juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa atanifukuza."

"Voilà. Ukajifukuza weye mwenyewe."

Alicheka, bila ubaya, kile kicheko cha Jumapili cha mtu aliyesema ugali una mambo mengi, na mimi nikacheka pia, sana, mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka, na sijui ni saa ngapi kicheko kiligeuka. Ilunga alinisogezea karatasi zake zote. Watu walianza kuaga. Nilitafuta koti langu, kwa sababu basi la kwenda kaskazini siku ya Jumamosi ni moja kwa saa, na nilikuwa nimekwisha kuingiza mkono mmoja wakati mama mmoja wa kanisa, mwenye aproni, aliposimama mbele yangu.

"Wewe ni mtu wa familia?"

Jibu langu kwa swali hilo, katika kila mji, limekuwa kwamba napita tu. "Niliishi nyumbani kwake," nikasema. "Mwaka mmoja."

"Basi vua koti, mpenzi. Watu wa nyumbani hawaondoki. Kuna viti mia moja hapa vya kukunja."

Nikavua koti. Nikaanza na safu ya nyuma.